Kuchagua Diski ya Msumeno wa Umeme wa Nyumbani

Kabla ya kwenda Kariakoo kununua diski, soma kibandiko cha msumeno wako: kipenyo cha diski, ambacho kwenye misumeno mingi ya mkononi ni milimita 185, upana wa tundu la katikati, na kasi ya mzunguko, kwa kuwa kasi ya juu iliyoandikwa kwenye diski haipaswi kuwa ndogo kuliko ya mashine.

Kwa kupasua mbao kufuata nyuzi zake, meno 24 yanatosha. Kwa plaiwudi, ambayo kingo zake huchanika upesi, chagua meno 40 hadi 60. Kwa mninga ningelipia meno yenye ncha za kabidi, mchanganyiko mgumu kuliko chuma, bila kusita (bei huuma, lakini chuma cha kawaida huisha makali mapema). Chomoa waya kwenye soketi kabla ya kufunga diski.