Jinsi ya Kutazama Nyangumi kwa Boti Watamu

Nyangumi wenye nundu hupita mbele ya Watamu na Malindi, kwenye pwani ya Kenya, kati ya Julai na Oktoba, wakitoka katika bahari baridi ya Antaktika wanakojilisha na kuja kwenye maji yetu ya vuguvugu kujamiiana na kuzaa. Jambo lisilotajwa sana kwenye matangazo ya safari hizi ni kwamba sehemu kubwa ya msimu huo ni majira ya kusi, upepo unaoichafua bahari, na kwa hiyo anayetaka kumwona nyangumi hana budi kujiandaa kwanza kwa ajili ya mawimbi. (Wanaomtafuta papa potwe waende Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi, huyo ni samaki, na safari yake ni nyingine kabisa.)

Panga kukaa siku kadhaa, ili nahodha akisema kwamba leo hakuendeki, safari iahirishwe bila manung'uniko. Ondokeni asubuhi mapema, kwa kuwa upepo kwa kawaida huongezeka mchana, na bahari ikishajaa povu jeupe ni vigumu kuitambua pumzi ya nyangumi. Kabla ya kulipa, hakikisha kuna jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, wakiwamo watoto, na redio inayofanya kazi, kisha umuulize nahodha huwakaribia nyangumi kwa umbali gani. Akijigamba kwamba atawafikisha karibu kiasi cha kuwagusa, tafuta mwingine.

Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda, kwa sababu tumbo likishachafuka haisaidii sana. Kula chakula chepesi kisicho na mafuta mengi, keti katikati ya boti au upande wa tezi, yaani nyuma, na uelekeze macho kwenye upeo. Boti husukwasukwa zaidi inaposimama kuliko inapokwenda, nayo husimama wakati ule ule ambao kila mtu anataka kutazama.

Mkiwa nje ya mwamba, gawaneni pande za kuangalia. Ishara ya kwanza huwa ni pumzi, yaani wingu pana la mvuke linalopanda takriban mita 3 na kutawanyika upesi. Nyangumi akikunja mgongo na kuinua mkia, anazama kwenda chini, na huenda asionekane tena kwa dakika 10 au zaidi. Vumilieni mahali mlipo. Mama mwenye ndama huwa rahisi kumfuatilia kwa macho, kwa kuwa ndama hulazimika kuja juu kupumua mara kwa mara.

Boti imkaribie kwa ubavu, polepole, ikielekea anakoelekea yeye, isimkate njia wala isimfuate kwa nyuma. Isimame mita 100 kutoka alipo, na mbali zaidi akiwa na ndama, wala isiingie kamwe kati ya mama na mwanawe. Sababu yake ni nzito: mama huyu hali karibu chochote akiwa huku, bali huishi na kunyonyesha kwa mafuta aliyojiwekea mwilini kule kusini, na kila anapokimbizwa hutumia akiba ambayo hawezi kuirudisha hadi afike tena Antaktika. Akibadili mwelekeo mara kwa mara, au akipiga maji kwa mkia kila boti inaposogea, ondokeni. Akija mwenyewe, gia itolewe na boti ibaki hivyo mpaka apite, na abiria asijitose majini hata kama bahari inaonekana shwari.

Kwa picha, kamera yenye lenzi ya kuvuta mbali hufaa kuliko simu. Wengi hungojea aruke, lakini picha yenye manufaa zaidi ni ya upande wa chini wa mkia anapozama, kwa kuwa mabaka yake meupe na meusi hutofautiana kwa kila nyangumi, na kwa hayo watafiti humtambua akionekana tena mwaka mwingine. Andika tarehe, saa, idadi yao na kama palikuwa na ndama, mwombe nahodha akusomee mahali mlipo kwenye kifaa chake, kisha uvipeleke pamoja na picha kwa Watamu Marine Association, wanaokusanya taarifa za aina hiyo.