Kusafisha maganda ya risasi kabla ya kuyajaza tena

Kabla hujagusa maji anza na macho. Chambua ganda moja moja, lenye ufa mdomoni tupa, halafu angalia karibu na kitako, ukiona kamstari kang'avu kanazunguka ujue shaba imeshavutika hapo na ganda linaweza kukatika ndani ya bunduki. Kuhakikisha, pitisha kwa ndani waya mwembamba uliopinda ncha, ukikwama kwenye kamfereji basi hilo usilionee huruma.

Toa praima zilizotumika (vile vifuniko vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti), loweka maganda kwenye maji moto yenye sabuni ya vyombo kidogo na asidi ya sitriki, dakika 10 hivi zinatosha, ukizidisha shaba inageuka rangi ya waridi. Dawa zenye amonia usiziguse kabisa, zinafanya shaba ipasuke. Suuza sana. Kukausha ndo penye kazi, maana unyevu ukibaki ndani unaharibu baruti, so yaanike juani mpaka uwe na uhakika.

Na vaa glavu jamani, ule uchafu mweusi una madini ya risasi ambayo ni sumu, usitumie vyombo vya jikoni na watoto wakae mbali.

Yakikauka paka mafuta, pitisha kwenye dai (kile kifaa cha chuma kinachorudisha ganda kwenye umbo lake), pima urefu, lililorefuka likate.