Kuonyesha saa za kumbukumbu katika ukurasa wa usimamizi wa Django

Katika Django, mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti, ukiweka auto_now_add=True (huandika saa rekodi inapoundwa) au auto_now=True (huandika saa kila rekodi inapohifadhiwa) kwenye DateTimeField, yaani sehemu ya tarehe na saa, Django huifanya sehemu hiyo isiharirike, na ndiyo maana haionekani kabisa katika fomu ya usimamizi ijapokuwa thamani yake imehifadhiwa vizuri kwenye hifadhidata. Dawa yake ni mstari mmoja ndani ya darasa lako la ModelAdmin, linalopanga ukurasa huo wa usimamizi (iliundwa na ilibadilishwa ni majina ya sehemu za mfano):

readonly_fields = ("iliundwa", "ilibadilishwa")

Sehemu zilizotajwa hapo huonyeshwa kama maandishi tu, wala hazipokelewi fomu inapotumwa. Ikiwa umekwisha kuandika fields au fieldsets (orodha za sehemu za kuonyesha kwenye fomu), zitaje huko pia, la sivyo hazitatokea. Lakini ukizitaja huko pekee bila readonly_fields, utapata FieldError, kosa lililonipotezea asubuhi nzima. Rekodi ambayo bado haijahifadhiwa itaonyesha kistari, na hilo ni la kawaida. Linalostahili tahadhari zaidi ni QuerySet.update(), inayobadilisha rekodi moja kwa moja kwenye hifadhidata: kwa kuwa haipiti kwenye save(), njia ya kawaida ya kuhifadhi rekodi, sehemu ya auto_now hubaki na saa ya zamani, na ukurasa utaionyesha hivyo hivyo bila onyo lolote, mpaka uiandike mwenyewe ndani ya update() kwa timezone.now(), yaani saa ya sasa.