Kabla ya kununua hisa, soma kurasa za nyuma

Ukipata ripoti ya mwaka ya kampuni, ruka picha za wakurugenzi. Mimi huanza na taarifa ya mtiririko wa fedha, inayoonyesha fedha zilizoingia na kutoka: faida ikipanda kila mwaka huku fedha taslimu za biashara zikipungua, huenda mauzo ni ya karatasi tu.

Halafu soma maelezo ya hesabu, yale ya maandishi madogo. Tafuta biashara kati ya kampuni na vigogo wake. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilificha hasara na madeni kwenye kampuni za pembeni, nyingine zikisimamiwa na mkuu wake wa fedha, Andrew Fastow. Ilipofilisika Desemba 2001, maelfu ya wafanyakazi walipoteza akiba zao za uzeeni. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, muulize mkaguzi wa hesabu: salio hili la fedha umethibitishiwa na benki yenyewe? Euro bilioni 1.9 za Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, zilizodaiwa kuwa kwenye benki za Ufilipino, hazikuonekana mwaka 2020.