Namna ya Kuchagua Karatasi Nzito ya Kushe kwa Majalada na Kazi za Fahari

Mteja anayeingia katika matbaa ya Lubumbashi akiwa na kazi ya fahari, iwe ripoti ya mwaka ya kampuni ya madini, kadi za arusi au jalada la kitabu cha kumbukumbu ya parokia, mara nyingi hutaja sharti moja tu: karatasi iwe nzito na ing'ae. Sharti hilo halimsaidii sana mchapaji. Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni kwamba kitu hicho kitafanyiwa nini baada ya kutoka mashineni: je, kitakunjwa, kitaandikwa kwa kalamu, kitasomwa chini ya taa, kitapita mikononi mwa watu wengi, au kitakaa kabatini kwa miaka? Maswali hayo yakijibiwa, karatasi nyingi dukani huondoka zenyewe katika hesabu, na zinazobaki ndizo za kulinganishwa kwa bei.

Karatasi tunayoiita kushe, kwa kufuata Kifaransa, ni karatasi iliyopakwa rojo la chokaa laini sana au la udongo mweupe wa kaolini, likiwa limechanganywa na kinata, kisha ikapitishwa kati ya roli ili uso wake ulainike. Tabaka hilo huziba matundu yaliyo kati ya nyuzi, kwa hiyo wino hukaa juu badala ya kunywewa, na nukta ndogo zinazojenga picha hubaki na umbo lake. Ndiyo maana picha ya bangili ya malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, ambayo kwenye karatasi ya kawaida hutoka kijani kilichofifia, kwenye kushe huonyesha mistari yake yote, ya kukoza na ya kupauka.

Uso wa kushe huja kwa namna tatu: wa kung'aa, wa nusu-mati na wa mati, yaani usiong'aa. Uso wa kung'aa huzipa picha nguvu kubwa kuliko nyuso nyingine, lakini hurudisha mwanga machoni, na msomaji wa ripoti yenye majedwali ya takwimu hulazimika kuzigeuzageuza kurasa ili aepuke taa ya ofisi. Mati hutuliza macho, ila ina tabia inayowashangaza wengi: ingawa inaonekana ngumu na ya heshima, huchubuka upesi kuliko ile inayong'aa, na wino wake huchelewa kukauka. Jalada la mati lenye rangi nyeusi au buluu nzito lisilofunikwa kwa utando wa plastiki au vanishi litaonyesha alama za vidole na mikwaruzo hata kabla halijafika kwa mteja. Kwa ripoti na vitabu vyenye picha na maandishi kwa pamoja, mimi huanza na nusu-mati, na huiacha tu pale ambapo kazi yenyewe inadai kingine.

Kadi za mwaliko zina sheria yake. Katika arusi zetu jina la mwalikwa huandikwa kwa mkono, na kalamu ya wino haishiki vizuri kwenye kushe inayong'aa. Wino hukaa juu, na kidole cha kwanza kinachopita hulifuta jina la mjomba. Hapo inafaa karatasi iliyopakwa upande mmoja tu: uso wa nje uchapwe picha na mapambo, wa ndani ubaki wazi kwa kalamu. Kabla ya kununua, andika jina lako upande huo kwa kalamu ileile itakayotumika, hesabu hadi kumi, kisha pitisha kidole.

Kuhusu uzito, kipimo chetu ni gramu kwa mita ya mraba, yaani gramaji. Kurasa za ndani za kushe kwa kawaida huwa kati ya gramu 90 na 170. Majalada na kadi huanzia kama 200 na kufika 350. Kampuni zenye makao Marekani au Kanada huweza kutuma maelekezo kwa ratili, na hapo mtego ni mkubwa, kwa sababu ratili 100 za karatasi ya jalada ni karibu gramu 270, ilhali ratili 100 za karatasi ya kurasa za ndani ni karibu gramu 148. Namba ni ileile, karatasi ni mbili tofauti kabisa, kwa kuwa kila aina hupimwa kwa laha za ukubwa wake. Anayepokea maelekezo ya namna hiyo aulize ni ratili za aina gani kabla ya kutoa bei.

Maandishi ya kwenye bunda yasiaminiwe bila kupimwa, hasa bunda likiwa limefunguliwa au limefungwa upya dukani. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukikipima kwa rula ya chuma, ukiweke juu ya mizani ndogo ya kielektroniki ya aina wanayotumia wauza vito, kisha zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 3 kimetoka kwenye karatasi ya gramu 300; kikisoma 2.6, umeuziwa ya 260. Ni afadhali kukata vipande vitano, kuvipima pamoja na kugawanya, maana kosa la mkasi hupungua. Tofauti ya asilimia chache ni ya kawaida na haifai kugombaniwa.

Hata hivyo uzito si unene, wala unene si ugumu. Kushe inayong'aa ya gramu 300 imebanwa sana, na unene wake ni kama robo milimita. Kadi ya kutengenezea masanduku, ya gramu zizo hizo, inaweza kukaribia nusu milimita kwa sababu katikati yake kuna tabaka lenye hewa nyingi. Mteja anayetaka kadi inayojaza mkono huenda anahitaji hiyo ya pili, na hana haja ya kulipia gramu zaidi. Mpe zote mbili azikunjekunje kwa vidole, bila kumtajia namba.

Linalonifanya niandike kwa kirefu ni mkunjo. Karatasi inapotengenezwa, nyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande mmoja, na mkunjo unaofuata upande huo hutoka safi, wakati unaozikata nyuzi hupasua tabaka la juu. Mwezi wa Agosti mmoja nilipanga kadi za arusi kwenye laha kubwa kwa namna ya kupata kadi nyingi kadiri nilivyoweza, nikafurahia hesabu yangu, na nikasahau nyuzi. Kadi zilikuwa za buluu nzito, gramu 300. Zilipokunjwa, mstari mweupe ulitokea mgongoni mwa kila kadi, kama ufa wa rangi kwenye ukuta. Tulichapa zote upya, na gharama ilikuwa yangu.

Kujua nyuzi zimelalia wapi hakuhitaji chombo. Chana karatasi kwa mkono kwa urefu, kisha kwa upana: kule inakochanika kwa mstari ulionyooka ndiko nyuzi zinakoelekea. Au lowesha upande mmoja wa kipande kidogo kwa kitambaa chenye maji, nacho kitajikunja kama bomba. Bomba hilo hulala sambamba na nyuzi. Baada ya hapo, karatasi yoyote inayozidi gramu 170 hivi ipigwe mfuo, yaani ibonyezwe kimfereji kwenye mstari wa mkunjo, kabla ya kukunjwa. Mfuo huacha tuta dogo upande wa pili, na tuta hilo ndilo linalopaswa kuwa ndani ya mkunjo. Mafundi wengi wapya hukunja kinyume, kwa kudhani kwamba kimfereji ndicho cha kufungwa ndani.

Kosa langu la Agosti lilikuwa na msaidizi, nacho ni kiangazi chetu. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi hukauka sana, na karatasi huachia unyevu wake: tabaka la kushe huwa kavu na jepesi kupasuka, na laha hushikana kwa umeme tuli hata mashine ikavuta mbili mbili. Msimu wa mvua huleta balaa la upande wa pili, kwani kingo hunywa unyevu na kuwa na mawimbi. Kipimo kinachotumika katika maabara za karatasi ni nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50. Chumba chetu hakitafika hapo daima, lakini bunda likae ndani ya karatasi lilimofungwa, katika chumba cha mashine, kwa siku nzima au mbili kabla ya kufunguliwa, na kinachobaki kifungwe tena siku hiyohiyo. Wakati wa kiangazi, beseni la maji karibu na bunda si ushirikina.

Weupe nao huchaguliwa. Karatasi nyingi za kushe zimetiwa kemikali inayogeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga wa buluu, nazo huonekana nyeupe mno dirishani lakini hupoteza mwako huo chini ya taa, na kwa miaka huelekea umanjano. Kwa kitabu cha picha za watu, weupe wa joto kidogo huipendeza ngozi yetu kuliko ule wa kibuluu. Jambo la kuepuka zaidi ni jalada la weupe mmoja kufunika kurasa za weupe mwingine. Zilinganishe mlangoni, kwenye mwanga wa mchana.

Kazi ndogo ikienda kwenye mashine ya dijitali, karatasi iwe ile iliyotengenezwa kuvumilia joto la tona, yaani wino wa unga unaoyeyushwa juu ya karatasi, na mgongo wenye rangi nzito ufunikwe kwa utando, kwa sababu tona hupasuka kwenye mkunjo upesi kuliko wino wa ofseti, yaani wa mashine za kawaida za matbaa.

Baada ya kuchagua, piga hesabu ya kilo kabla ya kuagiza. Laha ya sentimita 70 kwa 100 ni mita za mraba 0.7, kwa gramu 300 ina uzito wa gramu 210, hivyo laha 500 ni kilo 105, na ndizo zitakazolipiwa usafiri hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kufika hapa. Agiza mapema na uongeze za kuharibikia, kwa kuwa bunda la nyongeza litakalofuata baada ya wiki kadhaa huenda likawa la mkupuo mwingine wenye weupe tofauti. Kazi ikiisha, weka kando laha mbili ambazo hazijachapwa, andika pembeni kwa penseli aina yake, gramu zake, mwelekeo wa nyuzi na tarehe, uzifunge ndani ya bahasha nyeusi pamoja na nakala moja ya kazi yenyewe, ili mteja akirudi mwakani kutaka nyingine mia mbili uwe na kitu cha kupeleka dukani.