Somo: Kupogoa mibuni ya arabika, mkasi wa leo ndio mavuno ya mwaka kesho

Ndugu wakulima, salaam. Huku kwetu mlimani Kilimanjaro kuchuma kumekwisha, na huu ndio wakati ambao wengi wetu tunaipa kahawa kisogo hadi masika. Naomba mwaka huu tusifanye hivyo. Januari na Februari ni miezi ya mkasi. Mbuni umetua mzigo, jua linakausha vidonda haraka, na mvua za Machi zikija zinakuta mti umeshapangwa.

Kabla hujagusa tawi, yaelewe mambo mawili. Mimi nilipogoa miaka mingi bila kuyajua na niliharibu mibuni mizuri.

La kwanza: arabika huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita. Vifundo ulivyochuma mwaka huu vimemaliza kazi yake. Mwaka ujao utachuma mbele yake, kwenye urefu mpya. Ukiliacha tawi lijiendee, sehemu inayozaa inazidi kulihama shina, mpaka unabaki na fimbo ndefu tupu yenye majani machache nchani.

La pili: kila kifundo cha shina hutoa jozi moja ya matawi ya pembeni, na hutoa mara moja tu. Ukilikata tawi hilo pale shinani, halirudi tena. Patakapochipua patatoka otea, lile linalopanda juu kama shina jipya. Kwa hiyo tawi la pembeni ni mali. Usilikate kwa sababu tu linakukwaruza unapopita.

VIFAA. Mkasi wa kupogolea wenye makali, na msumeno mdogo wa matawi manene. Panga libaki kwenye migomba. Panga hupasua gamba, na ugonjwa unaokausha mashina huingilia kwenye mpasuko. Ukitoka kwenye mti unaokauka, futa makali kwa spiriti au kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, ndipo uende mti wa pili.

HATUA YA 1. Uzunguke mti mikono mitupu. Tazama shina lipi limechoka, upande upi uko wazi, upande upi umesongamana. Dakika moja tu.

HATUA YA 2. Toa vilivyokufa na vinavyonyonya bure: matawi makavu, yaliyovunjika, yenye magonjwa, na maotea yote usiyoyahitaji. Otea changa ling'oe kwa mkono, maana ukilikata kwa mkasi linaacha kisiki kinachochipua upya. Chungulia na chini ya shina. Ukiona unga kama wa mbao, humo kuna bungua, mdudu anayetoboa shina. Shina lililoliwa sana likate chini ya tundu na ulichome moto.

HATUA YA 3. Fungua kifua cha mti. Kwenye kila tawi la pembeni, ondoa vitawi vyote vilivyo ndani ya sentimita 15 kutoka shinani. Ondoa pia matawi yanayoburuza chini, kiasi cha futi moja na nusu kutoka ardhini, kwa sababu mvua ikirusha tope hayo ndiyo ya kwanza kuchafuka. Mwanga na upepo vikipita katikati, majani hukauka mapema baada ya umande, na chulebuni (ugonjwa unaooza matunda) na kutu ya majani havipati unyevu vinaoutaka. Kimatira, mdudu anayetoboa na kufyonza matunda ya kahawa, naye anapenda kichaka chenye giza. Ukifungua kifua umemvunjia nyumba.

HATUA YA 4. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwenye tawi la pembeni huota vitawi viwili viwili, kulia na kushoto. Ukiviacha vyote mti unakuwa mzuri wa kutazama, wa kijani hasa, lakini mwakani unapata punje ndogo. Acha kimoja kulia, kisha mbele kidogo kimoja kushoto, ukiviachanisha kama upana wa kiganja. Vinavyoelekea juu moja kwa moja au chini kabisa, toa. Vinavyorudi ndani, toa. Kitawi kilichozaa mara mbili au tatu na kuchoka, kikate hadi karibu na kile changa kinachochipua nyuma yake, ili changa kirithi nafasi.

Unapokata, jiulize: mwakani nitachuma wapi? Kila tawi unaloliacha liwe na jibu. Mti usiopogolewa huzaa sana mwaka mmoja, unaishiwa nguvu, ncha za matawi zinakauka, na mwaka unaofuata unakaa bila kitu. Watu husema kahawa imepumzika. Haikupumzika, imeumia. Tulipopunguza vitawi kwenye kihamba chetu (shamba la nyumbani), mwaka wa kwanza mke wangu alilalamika kwamba natupa kahawa, maana maua yalikuwa machache kweli. Mwaka wa pili na wa tatu tulichuma kiasi kilekile, na punje zilikuwa nene.

HATUA YA 5. Kata kilele shina likizidi kimo cha mchumaji, karibu mita 1.8. Tawi unaloliinamisha kwa nguvu ili uchume huvunjika pale shinani, na nimeshasema tawi hilo halirudi.

HATUA YA 6. Weka samadi iliyooza, ukiizungushia chini ya mwisho wa matawi, wala si shinani. Matandazo ya majani ya migomba yaachie shina nafasi ya kupumua. Baada ya hapo kila miezi miwili au mitatu pita ung'oe maotea kwa mkono.

MICHE MICHANGA. Mafunzo ya mti huanza mapema. Ukitaka mashina mawili, mche ukifika sentimita 35 hadi 40 kata ncha, subiri maotea, chagua mawili yenye nguvu yanayotazamana, mengine ng'oa. Wengine hawakati. Wanauinamisha mche taratibu, wanaushikiza kwa kijiti, na maotea yanatoka mgongoni. Njia zote mbili zinafaa. Mimi nakata, kwa sababu mche ulioinamishwa mbuzi wanaukanyaga.

KUBADILISHA MASHINA. Shina likifikisha mavuno matano hadi saba, faida yake inashuka hata ukipogoa vipi. Mibuni mingi ya vihamba vyetu ilipandwa na mababu, wengine enzi KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, bado changa miaka ya 1930, na mizizi yake ina nguvu hadi leo. Kilichochoka ni shina. Likate kwa msumeno kati ya sentimita 30 na 45 kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili maji yateremke, na upake kidonda dawa ya kopa iliyokorogwa nzito. Maotea yakifika kama sentimita 30, chagua mawili au matatu yaliyo nje ya kisiki, chini kidogo ya mkato, yasiyotoka upande mmoja. Mengine yote ng'oa, hata kama roho inakuuma.

Sasa sikilizeni kosa langu. Baba alipofariki nilirithi mibuni mizee, nikahamasika, nikakata yote kwa wiki moja. Kisiki huchukua karibu miaka miwili kabla ya kukupa kahawa ya kuuza. Miaka miwili hiyo watoto walikuwa shule na mimi sina kilo hata moja. Nililia mbele ya mkeka wa kuanikia uliokuwa mtupu. Msifanye hivyo. Gawa shamba mafungu matatu, ukate fungu moja kila mwaka. Au kwenye kila mti wenye mashina kadhaa kata lililozeeka zaidi, yaliyobaki yaulishe mzizi hadi maotea yashike. Ikiwa mti una shina moja tu, acha tawi moja lenye majani chini ya mkato. Litaupumulia mti, nalo utalitoa maotea yakikua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Rombo): Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjane, mibuni 60, na miaka yote huwa nasubiri vijana wa kupogoa kwa malipo. Wanamaliza shamba asubuhi moja. Je, ni sawa?

Jibu: Marahaba mama. Mibuni 60 asubuhi moja haipogolewi, inanyolewa. Mti mmoja mzee uliosongamana unaweza kukuchukua robo saa ukiutendea haki. Mama, unaweza mwenyewe. Mkasi hauhitaji nguvu za kijana, unahitaji jicho. Fanya mitano kila asubuhi kabla jua halijawa kali, siku 12 umemaliza. Kama lazima uwaite, simama nao mti wa kwanza, na uwakataze kukata tawi lolote la pembeni kutoka shinani bila kukuuliza.

Swali (Kiambu): Habari mwalimu. Nina mibuni ya aina ya Ruiru 11, si mirefu kama yenu. Bado nipogoe? Watu wananiambia mti mfupi haupogolewi.

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Ipogoe, na kwa makini zaidi. Ruiru 11 vifundo vyake viko karibu karibu, na hupandwa kwa kubanana, mita 2 kwa 2, kwa hiyo inajifunga haraka. Ukweli kwamba inastahimili chulebuni usikulaze. Kivuli kikizidi ndani, vitawi vya chini vitakufa na utabaki na mwavuli. Hatua ya 3 na ya 4 ndizo zako.

Swali (Muleba): Sisi huku Kagera tuna robusta. Somo hili linatuhusu?

Jibu: Nusu yake. Robusta yenyewe hupenda mashina mengi, na matawi yake ya pembeni yakishazaa hukauka na kudondoka yenyewe, hivyo usihangaike kuchagua vitawi kama sisi. Kazi yako kubwa ni kubadilisha mashina: acha manne hadi matano kwenye mti, yawe ya umri tofauti, na kila mwaka toa lililozeeka huku ukiachia otea moja lichukue nafasi. Kuinamisha shina kwako kunafaa sana.

Swali (Bukavu): Mwalimu, kahawa yetu inasemwa ina ladha ya kiazi kibichi. Wanunuzi wanakata bei. Kupogoa kunaweza kusaidia?

Jibu: Pole sana kaka. Tatizo hilo liko Kivu, Rwanda na Burundi, na limehusishwa na kimatira kwa sababu anapotoboa tunda anafungua njia ya uchafu kuingia. Kupogoa peke yake hakuliondoi, ila kunapunguza kimatira kwa kumnyima kivuli kizito. Ongeza na kuchuma matunda yote yaliyoiva bila kuacha masalia mtini, na kutoa punje zilizotobolewa kabla ya kukoboa, zile zinazoelea kwenye maji pia. Fanyeni pamoja na majirani, maana anayehama kwako hulala kwa jirani na kesho yupo tena.

Swali (Uru): Nilikata visiki mwezi Februari, sasa kila kisiki kina maotea kama 15 na naona huruma kuyatoa. Niache sita sita?

Jibu: Mdogo wangu, yamefika goti? Kama yamefika, ingia shambani kesho asubuhi. Acha matatu. Ukiacha sita yatashindana kutafuta jua, yatakuwa membamba, na upepo wa Agosti utayabandua kisikini kama ganda la ndizi. Chagua kwanza, yafungie kamba nyekundu uliyoyapenda, kisha ng'oa mengine bila kuyatazama mara mbili. Ukikwama kwenye kisiki chochote, piga picha ya upande na ya juu, uniletee nikuonyeshe lipi la kubaki.