Namna ya Kulinganisha Kibano na Koili Mshipa wa Ubongo Unapopasuka

Mama anapanga mafungu ya ndizi sokoni Kiborloni, ghafla anashika kisogo, anasema hajapata kuumwa kichwa namna hiyo tangu azaliwe, kisha anatapika na shingo inakakamaa. Ukiona hivyo, usimpe dawa yenye aspirini wala usisubiri kumpima malaria kesho yake. Mpeleke moja kwa moja kwenye hospitali yenye mashine ya CT, kama KCMC pale Moshi, kwa sababu picha ikipigwa ndani ya saa 6 za mwanzo ni nadra sana damu iliyovuja isionekane.

Ikithibitika kwamba ni anyurisimu iliyopasuka, yaani sehemu ya ateri iliyotuna kama puto, ndugu wataelezwa njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji: fuvu hufunguliwa, na daktari hubana shingo ya puto kwa kibano kidogo cha titani. Ya pili haifungui fuvu. Mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa kinena au wa mkono hadi kichwani, na puto hujazwa nyuzi za platini ziitwazo koili, laini kama unywele, mpaka damu isiingie tena.

Mtu akikwambia kwamba koili ni bora, mara nyingi anategemea utafiti wa ISAT uliolinganisha njia hizi mbili na kuchapishwa mwaka 2002, ambao wagonjwa wake walikuwa 2,143, wengi wao wa Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wamefariki au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na asilimia 30.6 kwa kibano. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini naomba isomwe kwa uangalifu: wagonjwa waliochunguzwa mwanzoni walikuwa 9,559, na walioingizwa kwenye utafiti ni wale tu ambao madaktari waliona wanafaa kwa njia zote mbili. Tena, kuvuja upya baada ya miaka kulitokea zaidi kwa waliowekewa koili, ingawa kwa wachache.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari liwe puto liko wapi na shingo yake ina upana gani. Lililo kwenye ateri ya nyuma ya ubongo, karibu na shina la ubongo, kwa kawaida hufikiwa salama zaidi kwa koili, na mzee au mgonjwa dhaifu naye huelekezwa huko. Lililo kwenye ateri ya kati ya ubongo, hasa lenye shingo pana, au lililoacha bonge kubwa la damu linalokandamiza ubongo, mara nyingi huhitaji kisu.

Swali la pili ni la hapa kwetu, nami nalipa uzito uleule: njia inayopendekezwa inafanyika wapi, na nani, lini? Hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo, hivyo kibano kinachoweza kuwekwa kesho na mikono yenye uzoefu chaweza kumfaa mgonjwa kuliko koili ya wiki ijayo. Kama rufaa ni ya Dar es Salaam, ulizeni nani atamsindikiza, shinikizo la damu litadhibitiwaje njiani, na bima italipia nini, zikiwemo koili zenyewe. Ulizeni pia kuhusu picha za marudio, kwa kuwa aliyewekewa koili huhitaji kukaguliwa tena mishipa, na familia ya Rombo inapaswa kujua nauli hiyo mapema.

Njia yoyote itakayochaguliwa, nimodipini, dawa ya kukinga ubongo na madhara ya mishipa kusinyaa, hutolewa kwa siku 21, kwa kawaida miligramu 60 kila baada ya saa 4, usiku nao ukihesabiwa. Hakikisheni dawa ipo kabla dozi hazijaanza kurukwa. Kati ya siku ya 4 na ya 14 mishipa huweza kusinyaa, hivyo mgonjwa akianza kuongea kwa kubabaika au mkono ukilegea, mwiteni muuguzi papo hapo.